Picha moja ya Bibi, mara kumi na nne

Mama alinambia nikachapishe picha ya Bibi, ile ameketi barazani na leso ya zambarau begani, mkononi ana kikombe cha kahawa na anacheka. Kwetu sisi ukisema "picha ya Bibi" hakuna anayeuliza ipi, ni hiyo. Nikafungua Google Photos, ile programu ya Google ya kuhifadhi picha, nikaipata chapchap, nikamtumia kijana mmoja anayechapisha picha kule Mwembe Tayari, nikamwambia nataka ya kutundika ukutani, inchi 20 kwa 15. Hazikupita dakika tano akanijibu, dada, hii ukiikuza itavunjika, nitumie orijino. Nikamtumia nyengine. Akasema hata hiyo. Nikamtumia ya tatu, ni yale yale. Kwa macho yangu mimi kwenye simu zote ni picha moja, lakini yeye akizifungua kwenye kompyuta yake uso wa Bibi unakuwa vijisanduku vijisanduku.

Usiku ule nikaketi nikazihesabu. Picha ile moja ilikuwa ndani ya maktaba yetu mara kumi na nne. Na zote kumi na nne zilikuwa zimekaa kwenye wiki moja, Septemba 2021, wiki aliyofariki Bibi, Mungu amrehemu.

Wallahi hilo lilinikaa moyoni. Picha ile haikupigwa Septemba 2021. Ilipigwa Idi, Bibi yu mzima, nyumba imejaa watoto na halua. Lakini ukiskroli kwenye simu unamkuta anacheka katikati ya matangazo ya maziko na picha za watu wamekaa kwenye mikeka msibani, mara kumi na nne, kama kwamba siku ile ya Idi haikuwahi kuwapo.

Yalivyofika hapo ni hivi, na najua nyumba nyingi hapa Mombasa ziko vivi hivi. Akaunti yetu ni moja, yangu na ya Mama, nilimuingizia kwenye simu yake zamani ili picha zake zisipotee simu ikianguka. Na ile miaka ya mwanzo tulikuwa hatuhesabu kitu, manake Google Photos tangu ilipoanza 2015 mpaka 1 Juni 2021 ilikuwa inahifadhi picha bure bila kikomo ukikubali zikandamizwe kidogo, sasa nani angeshughulika kufuta, kila kilichoingia kwenye simu kilipanda juu, yaani kwenye hifadhi ya Google mtandaoni, na kwenye simu ya Mama folda ya WhatsApp nayo ilikuwa imewashwa bakapu, kwa hiyo kila ua la Jumaa Mubarak, kila skrinishoti, kila tangazo la harambee limepanda. Kisha ile 1 Juni ikafika na kuanzia hapo kila picha mpya inahesabiwa kwenye zile GB 15 za bure, ambazo unagawana na Gmail na Drive. Zikijaa, hata barua pepe haziingii. Mimi niliamka siku ambayo barua ya kazi ilikataa kunifikia.

Sasa mtu atauliza, mbona Google yenyewe haitambui kwamba hizi kumi na nne ni moja? Hata mimi niliuliza, nikaenda nikasoma mpaka nikaelewa. Inatambua, lakini ni zile ambazo faili ni ile ile kabisa. Kila faili ina kitu wanaita hashi, ni kama alama ya kidole, inatokana na kila chembe iliyo ndani ya faili, ukibadilisha chembe moja tu alama inakuwa nyengine kabisa. Ukipandisha faili ile ile mara mbili, kwa kawaida ya pili haipokelewi. Lakini WhatsApp kila picha inayotumwa kutoka galari inaikandamiza upya. Kwa hiyo Khalati wa Likoni akiitoa galari akaituma, ile ni faili mpya. Ami akiisevu, akaikata pembeni kidogo, akaituma kwenye grupu la wajukuu, mpya tena. Mwengine akaiandikia "Innalillahi" juu, mwengine akaiweka status na mwengine akaichukua skrinishoti pale kwenye status. Kwa mtu zote hizo ni Bibi, kwa kompyuta ni vitu kumi na vinne visivyojuana.

Na wiki ile ya msiba ndo kila mtu alikuwa anaituma. Grupu la familia, grupu la mtaa, grupu la darsa la kina mama, watu wa Lamu, watu wa Muscat. Ilikuwa ni mapenzi, sisemi vibaya hata kidogo. Watu walikuwa hawana la kufanya isipokuwa kumtuma.

Lakini WhatsApp ina jambo moja ambalo lazima ulijue. Picha ikipita pale kama picha inavuliwa maelezo yake ya ndani, siku iliyopigwa, saa, aina ya simu, vyote vinaondoka. Inapewa jina jipya, kwa mfano IMG-20210914-WA0031, na ile tarehe ni siku uliyoipokea wewe. Bas ndo maana Bibi wangu alihamishwa kutoka Idi akapelekwa msibani.

Nikampigia Khalati nikamuuliza, hii picha nani aliipiga? Akanicheka. "Wewe mwenyewe, mwanangu, kwa ile simu yako nyeupe, Idi ile ya mwaka Bibi alihamia chumba cha chini." Mwaka huo ni 2018, na Idi ya Ramadhani ya 2018 ilikuwa katikati ya Juni. Nikaenda Juni 2018 kwenye maktaba. Ziko picha za kuuza sharubati Ramadhani pale Makadara, iko picha ya mahamri kwenye sinia, kisha hamna. Inaruka mpaka Julai. Idi nzima haipo.

Hapo ndo nikamuita ndugu yangu mdogo. Kumbe wiki kadhaa nyuma simu ya Mama ilikuwa imejaa, hata kupiga picha haikubali, na yeye kwa nia njema kabisa akaingia Google Photos kwenye ile simu ya Mama akafuta "zile picha za zamani zinazojirudia". Ile Idi nilikuwa nimepiga nyingi za mahali pamoja, Bibi barazani, Bibi barazani, Bibi barazani, akaona ni marudio akazichagua zote akafuta, akidhani anafuta kwenye simu tu na juu zimebaki.

Hapa ndo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitalisema taratibu. Ndani ya Google Photos, ukifuta picha iliyokwisha kupanda, umeifuta kila mahali. Kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye simu ya mwenzako mnaogawana akaunti, na kwenye kila albamu uliyoiweka. Albamu haina nakala yake, inaonyesha tu picha ile ile moja. Kama shida yako ni simu kujaa, iko sehemu nyengine mle mle ya kuongeza nafasi kwenye simu, hiyo inatoa kwenye simu zile ambazo tayari ziko juu na juu inaziacha. Ni vitu viwili mbali mbali na kosa lake ni kubwa.

Kilichotuokoa ni pipa la taka. Picha iliyopanda ikifutwa inakaa kule siku 60, ikiwa haijawahi kupanda ni 30, zikiisha khalas. Nikafungua pipa mikono inatetemeka. Zilikuwepo. Idi nzima ya 2018, na zimebakiza siku kumi na moja.

Nilizirudisha zote bila kuchagua. Ukirudisha kutoka kwenye pipa kila picha inarudi mahali pake, kwenye siku yake, na kwenye albamu zake kama ilikuwa nazo. Nikaifungua ile ya Bibi nikatazama maelezo yake, unaivuta juu kidogo yanatokea. Megapikseli 13, 4160 kwa 3120. Zile kumi na nne za Septemba kubwa yake ilikuwa 1280 kwa 960. Ukigawa kwa ile inchi 20 unaona mwenyewe maneno ya kijana wa Mwembe Tayari, ya WhatsApp inatoa nukta 64 kwa kila inchi, ya simu yangu inatoa 208.

Baada ya hapo ndo nikaanza kufuta, na nilifuta kwa namna nyengine kabisa na nilivyokuwa nimedhania. Mimi nilidhani kazi ni kutafuta zinazofanana na kuondoa. Kutafuta ni rahisi. Kazi ni kujua ipi ibaki. Programu nyingi za kusafisha zinakuchagulia zenyewe, nyengine zinabakisha iliyo mpya, nyengine ya kwanza kwenye orodha, na ukiziachia zitakubakishia Bibi wa msibani zimtupe Bibi wa Idi. Mimi kila kundi niliangalia jina kwanza, likiwa na WA naishuku, kisha ukubwa, kisha kama maelezo ya kamera yapo, kisha tarehe kama inaingia akilini. Inayojua siku yake ndo inabaki, hata kama rangi yake si nzuri kama ile ambayo mtu ameiwekea urembo.

Kuzitafuta zote kwa jicho kwenye simu ni kujiua. Mimi nilichofanya niliomba nakala ya maktaba nzima kupitia Google Takeout, wanakutumia linki kwa barua pepe na inadumu kama wiki moja, usifanye kwa bando, tafuta mahali pana waifai ya maana. Nikaiweka kwenye diski ya nje, na hiyo diski sasa imekuwa ni amana pia. Kisha nikatumia programu ya bure inaitwa Czkawka, ni neno la Kipolandi maana yake kwikwi, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida na ina sehemu mbili ninazozipenda, moja inatafuta faili zilizo sawa kabisa kwa hashi, nyengine inatafuta picha zinazofanana kwa sura hata kama ukubwa ni tofauti, na hiyo ya pili ndo ya mambo yetu haya ya WhatsApp. Usishtuke tu ukiona marudio mengi mno mwanzoni, manake Takeout inakupa folda za miaka na folda za albamu, picha iliyo kwenye albamu unaweza kuikuta mara mbili kwenye diski na juu iko moja tu.

Ndo nikawa na orodha, nikarudi kwenye Google Photos nikafuta kwa mkono, mwezi baada ya mwezi. Ilichukua kama wiki tatu za usiku, baada ya isha, na kahawa. Sikutaka kumpa mtu wa nje ruhusa. Na hata ukitaka, tangu 31 Machi 2025 Google imebana njia ile, programu ya nje inayopitia mlango wao rasmi haiwezi tena kusoma maktaba yako nzima, inaona zile ilizoweka yenyewe au zile unazoichagulia. Kwa hiyo ukikutana na saiti inakwambia nipe paswadi nikusafishie, kimbia.

Wa iPhone mna nafuu, tangu iOS 16 ya 2022 iko albamu ya marudio mle mle inaunganisha na kubakisha iliyo bora. Binamu yangu alimaliza yake jioni moja.

Kuhusu nafasi nitasema ukweli ulivyo manake wengi wanaanza kwa sababu hiyo. Nilifuta picha 600 za WhatsApp nikaenda kutazama ile mita ya GB 15, ikawa kama haijaguswa. Nikapiga hesabu, picha moja ya WhatsApp ni kama KB 180, mia sita hazifiki hata robo ya GB. Na zile za zamani zilizopanda kwa ule mtindo wa kukandamizwa kabla ya 1 Juni 2021 hazihesabiwi kabisa, unaweza kufuta elfu moja mita isisogee. Kilichokuwa kimekula nafasi ni video. Video moja ya kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake, GB 1.3, ilikuwa imepanda mara mbili, yangu na ya Mama, ya Mama imekatwa mwisho kwa hiyo haikutambulika kuwa ni ile ile. Nilipoitoa hiyo moja barua pepe zikaanza kuingia. Kama haja yako ni nafasi tu, anza na video za baada ya Juni 2021 na picha ziache zilale.

Na kwa kuwa nimetaja kupamba, hili nalo lazima nilitaje. Harusi zetu za ndani mnazijua, wanawake peke yetu, mabuibui yamevuliwa, na nyengine simu zinakusanywa mlangoni. Kwenye kusafisha nilikuta picha za harusi ya mtu wa kwetu, ambazo yeye alishatuomba tuzifute, na sote tulimjibu tumefuta. Na kweli nilifuta, ile moja niliyokuwa naiona. Zilibaki tano. Moja ilipanda kupitia simu ya Mama, mbili zilikuja kupitia grupu, mbili ni skrinishoti. Mtu akikuomba ufute picha yake, kufuta moja si kufuta, utafute na nakala zake. Na kama uliwahi kuziweka kwenye albamu ya pamoja, mwenzako aliyezisevu kwake anazo zake, wewe ukifuta zako zake hazigusiki, inabidi umwambie kwa mdomo. Nilimpigia bibi harusi, nikamwambia ukweli kwamba zilikuwa zimebaki kwangu na sasa zimetoka hata kwenye pipa. Alinyamaza kidogo kisha akanishukuru. Ningependa kila mwenye maktaba kubwa ya picha afanye hili kabla ya lolote jengine.

Sasa hivi nimezima bakapu ya folda ya WhatsApp kwenye simu ya Mama. Picha ya maana ikija naisevu mwenyewe, na nikiitaka orijino namuomba mtu anitumie kama dokumenti, hapo inakuja nzima na tarehe yake. Khalati ameshajua, ananitumia zote kama dokumenti hata za samaki. Zile ambazo orijino yake haipo tena duniani, kama picha za studio za Mama akiwa msichana ambazo Khalati amezipiga kwa simu kutoka kwenye albamu la zamani, naziwekea tarehe kwa mkono, Mama ananiambia mwaka, tukibishana tunampigia Khalati.

Ila zile za barazani sikufuta hata moja. Programu ilizileta kama kundi moja la zinazofanana, kumi na moja kwa jumla, na Google Photos nayo siku hizi inapenda kuzirundika pamoja za namna hiyo iwe inaonekana moja juu. Lakini hizi si nakala. Kila moja ni sekunde yake. Ndugu yangu mdogo nilimketisha nikamuonyesha tofauti, hakusema kitu, alizitazama zote kumi na moja polepole.

Kisha nikampa Mama simu. Yeye hakusimama kwenye ile maarufu. Alirudi nyuma moja, pale Bibi bado hajacheka, anatazama pembeni kikombe kiko njiani. Akaenda mbele mbili, pale picha imetikisika na Bibi amejiziba mdomo kwa leso. Akarudi, akaenda, akarudi.

"Alikuwa ananicheka mimi," akasema. "Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na sinia la kaimati, kiatu kikanikatikia. Mimi nilikuwa nimesahau."

Asubuhi nikamtumia kijana wa Mwembe Tayari zile tatu, orijino. Akanipigia simu akaniuliza, dada hizi mbona zinafanana, unataka zote tatu kweli? Nikamwambia zote, kwenye fremu moja, kwa mpango zilivyopigwa.